Picha ya makundi ya jeni isipokelewe bila kukaguliwa

Kwa Mhariri,

Nimekuwa nikisoma kwa hamu kurasa zako za sayansi na afya, na nashukuru kwamba zimeanza kugusa utafiti wa jeni unaofanywa na vijana wetu hapa Nairobi. Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo sisi tunaofundisha uchanganuzi wa data za jeni hukutana nalo kila muhula, nalo ni makosa yanayotokea programu ya kompyuta inapoigawa tishu katika makundi kulingana na jeni zinazofanya kazi katika kila sehemu yake. Kosa linaloandikwa kwa maandishi mekundu kwenye skrini ndilo dogo. Kubwa ni lile ambalo programu hulipitisha kimya, ikatoa picha safi yenye rangi za kuvutia, nasi tukaipokea bila swali.

Teknolojia yenyewe, ya kupima jeni zinazofanya kazi katika kila sehemu ya tishu, ilitangazwa mwaka 2016 na watafiti wa Stockholm, Uswidi, na jarida la Nature Methods likaitaja kuwa mbinu ya mwaka 2020. Kipande chembamba cha tishu hulazwa juu ya slaidi yenye vidoa vilivyopangwa kwa safu, kila kidoa kikiwa na msimbo wake, na RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni zinazofanya kazi, inayotoka ndani ya seli hunaswa na kidoa kilicho chini yake. Katika slaidi ya Visium, aina ya kibiashara iliyozoeleka, eneo moja lenye upana wa milimita 6.5 lina vidoa 4,992, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha maikromita 55. Kidoa kimoja basi huweza kufunika seli kadhaa, pengine hata kumi. Baada ya hapo programu kama Seurat au Scanpy hulinganisha vidoa, huviunganisha vinavyofanana, kisha kila kundi hupewa nambari na rangi. Msomaji azingatie kwamba kundi la rangi ya samawati pichani si aina moja ya seli. Ni mkusanyiko wa vidoa vilivyofanana kwa hesabu.

Makosa yanayopiga kelele hayanitii wasiwasi sana. Mwanafunzi aliyeamuru programu igawe makundi kabla haijatafuta majirani wa kila kidoa, yaani vidoa vinavyofanana nacho kwa jeni, ataambiwa mara moja kwamba mtandao wa majirani haupo, na ambaye hajasakinisha kifurushi cha Leiden, njia mojawapo ya kugawa makundi, ataambiwa vivyo hivyo. Mwaka 2023, baada ya kifurushi cha Matrix cha lugha ya R kurekebishwa, watu wengi waliona hatua ya kupunguza vipimo, yaani kufupisha data za maelfu ya jeni, ikikatika kwa sababu kifurushi cha irlba walichokuwa nacho kilijengwa juu ya toleo la zamani. Dawa ilikuwa kukijenga upya, basi. Kosa la namna hiyo huudhi, lakini halidanganyi mtu.

Faili za mahali vidoa vilipo zina hatari zaidi, na hapa kwetu hatari hiyo ni kubwa kuliko kwingine. Slaidi pamoja na kemikali zake hugharimu maelfu ya dola, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa kwa kawaida haanzi na tishu yake mwenyewe. Hupakua data zilizowekwa wazi na maabara za ng'ambo, nazo humfikia zikiwa zimeandaliwa kwa matoleo ya miaka tofauti. Space Ranger, programu inayotayarisha data za Visium, ilipofika toleo la 2.0 mwaka 2022 iliibadilisha faili hiyo: jina lilifupishwa, na mstari wa vichwa vya safu wima ukaongezwa juu. Programu za uchanganuzi za zamani zikawa haziioni. Wako wanaobadilisha jina tu ili lifanane na la awali, na hapo programu husoma vichwa vile kana kwamba ni kidoa, nambari za mahali zikageuka kuwa maandishi matupu. Anayeifungua faili na kusoma mistari mitano ya kwanza huliona kosa papo hapo. Asiyeifungua atashinda wiki nzima akisakinisha programu upya, akimaliza bando la intaneti alilojinunulia mwenyewe.

Lakini hata hilo hatimaye hujionyesha. Lisilojionyesha ni hili: misimbo ya vidoa ni ileile katika kila eneo la slaidi, hivyo mtu anapounganisha sampuli mbili au zaidi ni lazima kila msimbo uongezewe alama ya sampuli yake. Alama hiyo ikifutwa, au mpangilio wa faili moja usipolingana na wa nyingine, kidoa cha sampuli ya kwanza hupewa mahali pa kidoa cha sampuli ya pili. Programu hailalamiki. Katika uwasilishaji mmoja nilioshuhudia katika taasisi ya hapa jijini, mtafiti kijana alionyesha tishu ya umio iliyogawanywa makundi mengi yenye mipaka ya ajabu, na wasikilizaji wakaanza kujadili maana yake kwa saratani. Nilimwomba apake rangi jeni moja tu, KRT5, ambayo hufanya kazi katika tabaka la chini la utando unaofunika umio kwa ndani. Ilijitokeza katikati ya misuli. Hapakuwa na haja ya kujadili saratani tena. Vidoa vilikuwa vimehamishwa. Jeni moja ambayo makao yake yanajulikana, ikiangaliwa kabla ya hatua yoyote ya kugawa makundi, huokoa kazi ya miezi. Nasikitika kwamba msimamizi wake hakuwahi kuiomba, ilhali saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi.

Yako pia makosa yanayotokana na chaguo ambazo mtumiaji hajui kwamba amezifanya. Seurat, isipoelekezwa vingine, hutumia kiwango cha uchanganuzi cha 0.8, na Scanpy hutumia 1. Kiwango kikipanda, makundi huongezeka. Wanafunzi wawili wenye data ileile wanaweza basi kuleta idadi tofauti za makundi, kila mmoja akiamini ameigundua idadi ya kweli. Algoriti, yaani kanuni ya hesabu inayogawa makundi, nayo ina neno lake. Ile ya Louvain, iliyotolewa Ubelgiji mwaka 2008, huweza kuunda kundi ambalo wanachama wake hawaunganiki ipasavyo. Waliotengeneza ile ya Leiden nchini Uholanzi walionyesha mwaka 2019 kwamba katika majaribio yao hadi asilimia 25 ya makundi ya Louvain yalikuwa na muunganiko dhaifu, na hadi asilimia 16 yalikuwa yamekatika kabisa. Seurat bado huanza na Louvain mtumiaji asipochagua. Sisemi iachwe. Nasema tasnifu itamke ni ipi iliyotumika, kwa kiwango gani, na kwa nambari gani ya kuanzishia bahati nasibu ambayo programu huitumia, ili mwingine aweze kurudia kazi na kupata kilekile.

Usafishaji wa data unastahili tahadhari kubwa zaidi, kwa maana hapo kosa huvaa sura ya uangalifu. Wanafunzi wengi wamejifunzia kwenye data za seli mojamoja, ambako seli yenye jeni nyingi za mitokondria huhesabiwa kuwa inakufa na hutupwa. Wakiihamisha kanuni hiyo ilivyo kwenye tishu, hufuta sehemu nzima ya misuli ya moyo, ambayo kwa asili imejaa mitokondria. Kadhalika, kulazimisha vidoa vyote vilingane kwa jumla ya RNA hufuta tofauti za kweli, kwa kuwa sehemu yenye seli nyingi hutoa RNA nyingi. Upande wa pili, mkunjo mdogo wa tishu hurundika RNA mahali pamoja na kuzaa kundi ambalo halipo mwilini. Dawa ya yote haya ni kuirudia picha ya hadubini, ile iliyopakwa rangi za maabara, na kuiweka kando ya ramani ya makundi. Kundi linalofuata mkunjo au ukingo wa kipande lishukiwe. Na kila kundi likiwa la slaidi moja tu, kilichopangwa ni tofauti za siku slaidi zilipotayarishwa maabarani, si tofauti za tishu.

Jambo moja huwashangaza hata wenye uzoefu: ugawaji wa kawaida wa Seurat na Scanpy hautazami kabisa mahali kidoa kilipo, hutazama jeni tu. Rangi zikitawanyika pichani, hilo peke yake si hitilafu. Programu kama BayesSpace ndizo zinazowapa uzito majirani wa mahali, yaani vidoa vinavyopakana kwenye slaidi, nazo zinataka zielezwe kwa usahihi kama kidoa kina majirani sita, kama ilivyo kwenye Visium, au wanne, kama kwenye slaidi za awali. Huleta ramani nyororo inayopendeza macho, lakini unyororo huo huweza kumeza kisiwa kidogo cha seli za kinga ndani ya uvimbe, ambacho pengine ndicho daktari alikuwa anakitafuta. Binafsi humtaka mwanafunzi alete ramani zote mbili.

Ninachokiomba vyuo vyetu hakihitaji fedha. Zipo data za vipande 12 vya gamba la mbele la ubongo wa binadamu, zilizochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Baltimore, Marekani, ambazo tabaka zake ziliwekewa mipaka kwa mkono na wataalamu. Mwanafunzi aanze kwa kupitisha njia yake ya kazi juu ya vipande hivyo, alinganishe makundi yake na tabaka zile, na asiruhusiwe kugusa tishu ya mgonjwa wa Kenya kabla hajaeleza kila tofauti iliyojitokeza. Watahini nao waitake faili ya amri na orodha ya matoleo ya programu pamoja na tasnifu, wala wasitie sahihi bila hivyo.

Nawe, Mhariri, kila ofisi yako inapoletewa ramani ya aina hii ichapishwe, naomba mwandishi wako aulize maswali mawili: picha ya hadubini ya kipande hichohicho iko wapi, na ni jeni gani inayojulikana iliyotumiwa kuhakikisha kwamba vidoa viko mahali pake?

Wako mwaminifu,
Mhadhiri wa bioinfomatiki,
Nairobi