Mwanangu, chukua ile ya alumini

Mwanangu mpendwa,

Picha za baiskeli ulizonitumia nimeziona. Ile nyeusi ya kaboni inapendeza kweli, na najua moyo wako umeshatua pale. Hata hivyo nakuomba uchukue ya alumini.

Muuzaji amekusifia wepesi. Fremu ya kaboni ya kawaida ina uzito wa kilo 1 hivi, na nzuri ya alumini kilo 1.3 au 1.5. Tofauti yake haizidi chupa ya maji ya nusu lita. Mwaka 1998 Mwitaliano Marco Pantani aliwaacha wenzake milimani akashinda mbio za baiskeli za Tour de France, na baiskeli yake ya Bianchi ilikuwa ya alumini.

Kaboni yenyewe siigombi. Ninachohofia ni kaboni ya mtumba. Zile ni nyuzi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, zikashikanishwa kwa gundi. Kwa kazi iliyokusudiwa ni imara ajabu, lakini ikigongwa ubavuni na kitu chenye ncha, tabaka huweza kuachana ndani kwa ndani na rangi ya nje ikabaki safi. Alumini nayo huchoka, ila ikigongwa hubonyea ukaona, na ufa wake mara nyingi huanzia kwenye weldi, ambako ukipafuta vumbi unapakagua kwa macho. Hiyo nyeusi hatujui ilianguka mara ngapi huko Ulaya. Halafu fikiria safari zako za Moshi na Arusha, baiskeli imelazwa kwenye buti la basi, juu yake magunia ya watu! Na mafundi wetu, Mungu awabariki, hukaza nati mpaka mkono ugome, wakati bomba la kiti la kaboni linataka spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Wanaosema alumini inatikisa mwili hawajakosea sana, lakini tairi ndilo lenye kazi kubwa zaidi. Uliza kama fremu inapokea tairi la milimita 28, ikiwezekana 32, na usilijaze upepo likawa jiwe. Kwenye rasta za barabara ya Moshi utanikumbuka. Fedha itakayobaki nunua helmeti, tyubu za akiba na kaptura yenye sponji.

Jumamosi nitakuja tuiangalie pamoja hiyo ya alumini. Usitoe arubuni kabla hujaipanda, maana saizi yake bado hatujaijua, na fremu ndefu kupita kiasi hairekebishiki kwa kushusha kiti.

Mama anakusalimu sana.

Baba yako