Barua kwa Mwanangu Anayeanza Kusoma na Kutunga Mashairi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na shairi lako, nami nimelisoma kwa sauti mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Unasema kwamba mashairi ya siku hizi yanakuvutia na papo hapo yanakutia hofu, kwa kuwa huoni vina wala mizani, na kila ukimaliza moja hujui kama umelielewa.

Hofu hiyo naijua. Nilifundishwa kwamba shairi ni beti za mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani 16, nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane katika utao, yaani nusu ya pili, kwa mujibu wa sheria ambazo Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwisha kuziweka kitabuni mwaka 1954. Basi nilipokutana na *Kichomi*, diwani ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, nilihesabu silabi kwa vidole, hesabu ikakataa, nikakifunga kitabu. Nilijinyima mengi kwa miaka mingi. Kilichonirudisha ni sikio: siku moja nilisoma shairi huru, yaani lisilofungwa na vina wala mizani, polepole, kwa sauti, nikinyamaza kidogo kila mwisho wa mshororo, ndipo nikatambua kwamba kilichokuwa kikipimwa humo ni pumzi ya msemaji. Tangu hapo sianzi kwa kuliuliza shairi maana yake. Nauliza ni nani anayesema, anamwambia nani, na sauti yake inageukia wapi. Maana hufika baadaye, na pengine haifiki yote.

Sasa nije kwenye shairi lako. Umeandika:

Mgeni ameondoka na taa
bado inawaka.

Nilipofika mwisho wa mshororo wa kwanza niliamini kwamba mgeni amekwenda na taa, nyumba imebaki gizani. Niliposhuka mshororo wa pili nikaikuta taa ipo, aliyeondoka ni mtu peke yake. Neno «na» limebeba mambo mawili kwa pamoja, na limeweza kuyabeba kwa sababu umekata mshororo pale pale. Iwe ulikusudia au lilikujia tu, hiyo ndiyo kazi ya shairi huru, na nimefurahi mno kuiona mkononi mwako.

Nimejaribu kuyatia maneno hayo hayo katika mizani: «Mgeni ameondoka, taa bado inawaka». Hesabu mwenyewe: nane kwa nane, na kina cha «ka» pande zote mbili. Ni mshororo unaoimbika na unaokaa kichwani, lakini lile giza la kitambo kidogo limetoweka, kwa kuwa kituo cha katikati kimemtenga mgeni na taa tangu mwanzo. Watu walibishana vikali katika miaka ya 1970 kuhusu kama utungo usio na vina ni shairi. Mimi naona ni bora uulize kila umbo linakupa nini na linakunyima nini.

Wala usidhani kwamba usasa ni kuvunja arudhi, yaani zile sheria za vina na mizani. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa mwaka 1973, akiwa kifungoni kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na alishika vina na mizani huku akiyasema mambo ya wakati wake bila kuficha uchungu. Msome sambamba na Kezilahabi, kwa sauti, hata kama ni ukurasa mmoja kwa siku, na shairi linalokugusa linakili kwa mkono, maana mkono huona mikato ambayo jicho huiruka.

Nina jambo moja la kukukosoa, na nalisema kwa kuwa naichukulia kazi yako kwa uzito. Ubeti wako wa mwisho unatueleza kwamba una huzuni na upweke, ilhali taa ile imekwisha kutuonyesha yote mawili. Ufute. Kisha itazame mishororo ya katikati, ambayo naona umeikata pale tu karatasi ilipokuwa inaelekea kuisha, na kila mkato usioweza kuutolea sababu uuondoe.

Ukimaliza, nitumie shairi hilo upya, pamoja na beti mbili za mizani 16 kuhusu mgeni yule yule. Nitazisoma zote kwa sauti, kisha nitakuandikia nilichokisikia.

Mama yako