Kabla lori la taka halijapita

Mpendwa mwanangu Akinyi,

Sisi huku Nyalenda hatujambo. Nimesikia chumba umeshalipia ila ndani hamna kitu, na pesa za duka bado. Usikope, mama. Nakuru ni jiji sasa, na jijini watu wakihama mwisho wa mwezi huacha vitu vizima getini. Ongea na keateka, yule msimamizi wa ploti, kwa heshima, umwambie unatafuta meza, stuli na ndoo. Yeye ndiye anayejua nani anahama na anaacha nini.

Wahi kabla lori la taka halijapita. Kiti kilichoegemezwa ukutani bado ni kiti. Kikishapakiwa pamoja na nepi na mabaki ya ugali, kinafika jaani Gioto hakifai tena. Huko jaani kwenyewe usiende kuchakura. Kuna akina mama kama mimi wanaochambua plastiki na vyuma pale, na ndiyo kazi inayolisha watoto wao. Waachie.

Mbao ngumu, sufuria na chupa za vioo, chukua. Sufuria ikiwa imebonyea, fundi wa jua kali ataigonga inyooke. Lakini godoro na sofa viache hata viking'aa, kwa maana kunguni hukaa kwenye mishono na mayai yao ni madogo mno. Kitanda cha mbao nacho kimulike tochi kwenye viungo, na kabla hujakiingiza ndani mwagia nyufa maji yanayochemka. Ukiona unga umedondoka chini ya mbao, wadudu wanaila, ipite.

Sasa hili la madumu nakuomba kabisa. Hapo mmezungukwa na mashamba, na dumu zuri la bure huenda lilibeba dawa ya kunyunyizia mimea. Plastiki hunywa ile dawa, sabuni haiitoi. Kama hujui lilikuwa na nini, usilitekee maji hata ya kufulia.

Kifuniko cha mtaro, waya wa stima au kibao cha barabara usiguse, hata ukikikuta kimelala kichakani. Mwaka wa 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kuharibu miundombinu ya umeme. Ukikutwa nacho mkononi, nani atakuamini kwamba umeokota?

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Meza ukiipata, nitumie urefu na upana wake, nianze kukufumia kitambaa.

Mama yako