Huo ufadhili wa gofu si kama mlivyouandika

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari. Taarifa yenu ya vijana wa gofu wanaokwenda "kusomeshwa bure" na vyuo vidogo vya Marekani imenifanya nishindwe kunyamaza.

Vingi vya vyuo hivyo viko Divisheni ya Tatu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ambako ufadhili wa michezo umepigwa marufuku. Methodist University ya North Carolina imetwaa mataji mengi ya gofu ya wanawake katika divisheni hiyo, na sheria hiyo inaibana kama wengine. Mchezaji hupata punguzo la ada kwa alama zake za darasani au kwa hali ya familia yake, na mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, hapati msaada wa serikali ya shirikisho. Divisheni ya Pili hutoa ufadhili wa michezo, ila kikomo cha timu nzima ya wanaume ni sawa na ufadhili kamili wa watu 3.6, na wanawake 5.4. Kocha huukatakata. Wanaume tisa wakigawana sawa, kila mmoja anaambulia asilimia 40. Chuo kikitoza dola 40,000, mzazi anabaki na 24,000 za kutafuta kila mwaka, na hapo tumechukulia chuo kimetumia kikomo chote.

Juzi mzazi mmoja alikuja na barua ya chuo fulani, imeandikwa "Ufadhili wa Gofu" kwa herufi nene. Kiwanja cha familia kilikwisha kutafutiwa mnunuzi. Tukaisoma fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni kwa ajili ya viza, sehemu ya gharama na sehemu ya vyanzo vya fedha: chuo kilibeba chini ya theluthi, zilizobaki zote ziliwekwa kwenye jina la baba. Tena ahadi yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja.

Chuo chenye wanafunzi 900 kinataka timu mbili za gofu za nini? Divisheni ya Tatu inakidai michezo mitano ya wanaume na mitano ya wanawake, na gofu haihitaji kujenga uwanja. Klabu ya jirani huwapa nafasi saa ambazo wanachama wake hawachezi. Halafu piga hesabu: wachezaji kumi, kila mmoja akibakiwa na dola 20,000 za kulipa, ni 200,000 zinazoingia chuoni. Ndiyo maana husajiliwa kumi, ilhali mashindanoni timu huchezesha watano na kuhesabu alama za wanne waliofanya vizuri. Wa sita na kuendelea hubaki bwenini, ada ileile. Na kocha mmoja hubebeshwa timu zote mbili, mara nyingi pamoja na kazi ya kutafuta wanafunzi wapya.

Kocha huyohuyo ndiye dereva, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Tarehe 15 Machi 2022, timu ya University of the Southwest, chuo kidogo cha Hobbs, New Mexico, ilikuwa ikirudi usiku kutoka mashindanoni Midland, Texas. Kocha alikuwa kwenye usukani, nyuma wanavuta trela. Pikapu ikahamia upande wao, wakagongana uso kwa uso. Walikufa wachezaji sita, kocha wao, na watu wawili wa pikapu. Miongoni mwa wachezaji hao walikuwamo waliotoka Mexico na Ureno, watoto wa watu waliovuka mipaka kufuata gofu kama hawa wetu. Wachunguzi walimkuta dereva wa pikapu na dawa ya kulevya ya methamphetamine mwilini; kocha hakuwa na kosa. Hata hivyo, mtu aliyekuwa uwanjani na timu tangu asubuhi asipewe usukani usiku. Dereva wa kukodi na chumba cha kulala ni gharama ndogo mbele ya hizo 200,000.

Kwa hiyo taarifa ijayo ya aina hii iambatane na kisanduku chenye mambo manne: gharama yote ya mwaka kama ilivyo kwenye I-20, kiasi kinacholipwa na chuo na kwa miaka mingapi, wachezaji waliosajiliwa ni wangapi, na nani anaendesha gari baada ya saa mbili usiku. Chuo kikikataa kujibu, chapeni kwamba kimekataa.

Msomaji wenu