Majani ya Mchungwa Yakigeuka Njano, Usikimbilie Yurea

"Elfu thelathini ya kuangalia majani tu?" Swali hilo, kuhusu ada ya shilingi tunayotoza sisi wa kitalu kuja kukagua miche kwa mteja, nimeulizwa mara tatu mwezi huu. Mteja mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alikwenda mbali zaidi, akasema miche yetu ilitoka kitaluni ikiwa na ugonjwa na kwamba nimemtapeli. Limeniuma, kwa hiyo leo naeleza.

Michungwa yake sita ilikuwa na miezi minane shambani. Majani yalipoanza kuwa njano alinunua yurea, akamwaga viganja viwili kwa kila mche, pale pale shinani. Siku chache baadaye kingo za majani zikakauka kama zimebabuliwa na moto, yakapukutika. Akapulizia busta, mbolea ya maji ya kunyunyizia majani. Mpaka anatupigia simu, hela aliyokwishatumia ilizidi ada yetu, na miche miwili ilikuwa kuni.

Sikuanza na majani. Nilichimba. Chini kidogo tu nikakuta kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, kizima, cheusi. Kijana aliyempandia hakukichana. Mizizi imejiviringisha humo ndani, maji yametuama, harufu ya tope lililooza. Nikashika mzizi mwembamba nikauvuta kwa vidole viwili: ganda likavuka lote, ukabaki uzi. Mzizi wa namna hiyo haunywi kitu. Ukiumwagia yurea unauchoma tu.

Ndiyo maana cha kwanza tunachouliza ni njano imeanzia wapi. Ikiwa ni majani ya zamani, ya chini, yamepauka jani zima, mara nyingi mti una njaa ya naitrojeni. Hapo samadi iliyoiva inasaidia, hata yurea kidogo mbali na shina. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, mara nyingi mti umekosa madini ya chuma. Mama mmoja wa Kimara alikuwa akimwagilia mlimau wake maji ya kufulia kila jioni, na sabuni ikawa inazuia mizizi kunyonya chuma. Tulimwambia aache, atumie maji safi na mboji. Majani yaliyofuata yalitoka kijani, na hatukumuuzia dawa yoyote.

Michoro ya rangi ya fedha inayojipinda kwenye jani changa ni kazi ya kiwavi mdogo anayekula ndani ya jani. Inatisha kuliko inavyoua.

Ninachokiogopa mimi ni mabaka ya njano kwenye jani. Chukua kalamu, chora duara kushoto mwa mshipa wa kati, kisha jingine kulia, mahali pale pale. Upungufu wa madini kwa kawaida hulingana pande zote mbili. Rangi zikitofautiana, mwite afisa ugani mapema, kwa sababu upo ugonjwa wa michungwa unaoenezwa na vidudu wanaofyonza machipukizi, na hauna tiba. Jirani yako naye ana michungwa.

Elfu thelathini ni nauli, jembe na saa mbili za kuchimba taratibu bila kukata mizizi mizima. Tukikuta kosa ni la kitalu, ada hatuchukui na mche tunabadilisha.

Miche minne ya Goba tuliing'oa, tukachana viriba, tukakata mizizi iliyooza, tukaipanda upya juu ya tuta, kiungo cha kubebeshea, pale kikonyo kilipounganishwa na shina la chini, kikiwa juu ya udongo. Jana mwenyewe amenitumia picha: mitatu imechipua. Wa nne tunausubiri.