Barua kwa shoga yangu anayekuja Guangzhou

Xiaobei, Guangzhou

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba Oktoba unakuja kweli kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, hapa Guangzhou. Mambo ya mzigo tutayapanga ukifika. Leo nataka tuzungumzie simu, maana biashara yako yote imo humo: wateja wa Kariakoo, wakala wa mizigo, kikoba chetu, mpaka walimu wa mwanao.

Huku WhatsApp haifunguki. Google, YouTube, Instagram, Facebook na Gmail nazo vilevile. Mtandao wala si mbovu, una kasi ya ajabu. Ni serikali ndiyo iliyozifungia. Kwa hiyo ukikimbilia kununua laini ya hapa, utakuwa na bando tele na ujumbe wa Dar hauingii hata mmoja.

Ila laini ya nyumbani ikiwa kwenye romingi, data yake haitokei kwenye lango la Wachina. Inabebwa mpaka kwa kampuni yako ya simu huko Dar, na huko ndiko inakoingilia intaneti. WhatsApp inafunguka kama vile umekaa Msimbazi. Tatizo ni bei. Ndiyo maana wengi wetu tunatumia eSIM za wasafiri, zile laini zisizo na kadi. Nyingi hupitisha data nje ya China kwa namna hiyohiyo, na kwa kawaida ni nafuu. Uliza kabla ya kulipa kama WhatsApp inafanya kazi, kisha uiweke ukiwa bado Dar. Hakikisha pia simu yako inaikubali: iPhone zilizouzwa China, zile zenye nafasi ya kadi mbili, kwa kawaida eSIM hazina.

Kuna watakaokwambia upakue VPN tu, ile programu ya kuruka vizuizi vya mtandao, yaishe. Isiyo na kibali hairuhusiwi huku, na leo inashika, kesho inagoma. Mimi sikushauri uweke mzigo wa watu juu yake.

Halafu, nakuomba sana, laini ya Dar usiitoe kwenye simu. Piga huduma kwa wateja kabla ya safari wakufungulie romingi, kisha uzime data ya laini hiyo tu, uiachie SMS. Benki ikituma namba ya uthibitisho, itaituma huko huko. Hata Wi-Fi ya bure ya uwanja wa ndege huomba namba ya simu kwanza. SMS zinazoingia kwa kawaida hazikatwi, lakini simu ukipokea tu, salio linakwenda. Waambie nyumbani wakupigie kwa WhatsApp. Na tumewatangulia saa tano, kwa hiyo mama akimaliza kuangalia tamthilia saa tatu usiku akakukumbuka, huku ni saa nane ya usiku!

Wachina wenyewe wote wako WeChat, programu yao ya kuchati na kulipia. Muuza mikoba hakuandikii namba, anakunyooshea simu uskani msimbo wake wa QR. Jiunge wiki hii, maana mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe, na mimi nipo. Humo, na kwenye Alipay, programu nyingine ya malipo, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyofika yuan 200 hayana ada. Yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Maduka mengi noti wanaziangalia kwa uvivu, kwa hiyo simu ikizima chaji, ujue na pochi imezima.

Na hapo hapo kwenye chaji: kama tutaruka kwenda Yiwu, mji wa masoko ya jumla, tangu Juni 28, 2025 ndege za ndani hazipokei pawa benki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China. Hiyo yako iache nyumbani, nitakuazima yangu.

Lugha ya Kichina ipakue kwenye programu ya kutafsiri ungali na Wi-Fi ya nyumbani, itumike bila intaneti. Jina la hoteli nitakutumia kwa maandishi yao, umwonyeshe dereva.

Tiketi ikitoka nitumie saa ya kutua uwanja wa ndege wa Baiyun, nijipange kuja kukupokea. Na kama begi lina nafasi, usinisahau kwa ubuyu, ule mwekundu wa pilipili.

Akupendaye,
Shoga yako