Watumishi wa afya wa Kusini wasomeshwe ultrasaundi ya viungo na misuli huku huku Kusini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wagonjwa wengi wa mikoa ya Mtwara na Lindi, nalo ni mafunzo ya uzamili ya ultrasaundi ya mifupa, viungo na misuli kwa watumishi wa afya. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa ninaowahudumia kila msomaji wa huku anawafahamu: mkulima wa mikorosho aliyebeba mashine ya kupulizia dawa msimu mzima hadi bega likagoma kuinuka, mama aliyebangua korosho miaka na miaka mpaka kifundo cha mkono kikavimba, mvuvi aliyeteguka akivuta nyavu, na kijana wa bodaboda aliyeanguka na goti likajaa maji.

Wengi wao hufika wakiwa na picha ya eksirei na jibu kwamba mfupa ni mzima. Jibu hilo ni sahihi, ila halimsaidii mwenye maumivu, kwa sababu eksirei imetengenezwa kuonyesha mfupa, na kano (zinazofunga msuli kwenye mfupa), misuli, ligamenti (zinazofunga mfupa kwa mfupa) na maji yaliyomo ndani ya kiungo haivionyeshi sawasawa. Mgonjwa huondoka na dawa za maumivu, hurudi baada ya mwezi, huongezewa dawa nyingine, na mwisho huandikiwa rufaa ya kwenda kumwona bingwa Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 560 kutoka Mtwara mjini. Nauli, malazi na gharama za msindikizaji zinaweza kuifanya familia iuze korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini, kabla msimu haujafika. Na Mei 2024, mafuriko ya wakati wa kimbunga Hidaya yalipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, hata mwenye nauli mfukoni alibaki nyumbani.

Sehemu kubwa ya maswali hayo ingeweza kujibiwa hapa hapa kwa ultrasaundi. Mashine si ngeni kwetu, lakini kwa watu wengi ni kipimo cha wajawazito, kiasi kwamba mwanaume mwenye bega bovu akielekezwa huko huuliza kama hakuna makosa kwenye karatasi. Mashine inayomtazama mtoto tumboni inaweza pia kutazama kano ya bega, mradi iwe na kifaa cha mkononi kinachofaa, kile tunachokiita probu. Ile ya wajawazito ina uso uliopinda na hutoa mawimbi ya sauti ya kati ya megahetsi 2 na 5, yanayokwenda mbali ndani ya mwili lakini hayaonyeshi vitu vidogo kwa uwazi. Kano na viungo vilivyo karibu na ngozi huhitaji probu iliyonyooka, ya megahetsi 7 na kuendelea, ambayo haifiki mbali lakini huonyesha hata nyuzi za kano moja moja. Mashine nyingi hupokea probu za aina zote mbili, kwa hiyo hospitali yenye mashine haihitaji kila mara kununua nyingine.

Tatizo kubwa kuliko probu ni jicho na mkono wa anayeishika. Kano nzima, mawimbi yakiipiga wima, huonekana nyeupe yenye mistari mistari. Ukiinamisha probu kwa digrii chache tu, kano ile ile hugeuka nyeusi kwenye kioo, na weusi huo hufanana sana na mchaniko. Mtu asiyefundishwa ataandika kwamba kano imekatika, na mkulima mwenye bega linaloweza kupona kwa mazoezi atapelekwa kufanyiwa upasuaji usiohitajika. Aliyefundishwa huiinua probu, huizungusha, humwambia mgonjwa ageuze mkono nje kisha ndani huku yeye akiitazama kano ikiteleza chini ya mfupa, kisha hulinganisha na bega la pili kabla ya kuandika neno lolote. Kumtazama mgonjwa akiwa katika mwendo ni faida ambayo hata mashine kubwa za picha haziitoi kirahisi, na haipatikani kwa kuhudhuria semina ya siku tatu.

Ndiyo maana nasisitiza mafunzo ya uzamili yenye msimamizi. Nchini Uingereza vyuo vikuu kadhaa hutoa cheti cha uzamili cha krediti 60 katika fani hii, na wanaosoma ni wataalamu wa radiografia (wanaopiga picha kama za eksirei), wafiziotherapia na madaktari, kila mmoja akiendelea na kazi yake. Mwanafunzi hupima wagonjwa halisi mbele ya msimamizi, huweka kumbukumbu ya kila kipimo, na hutahiniwa akiwa na probu mkononi. Utaratibu huo wa kusoma bila kuacha kituo unatufaa sana sisi, kwani katika hospitali zetu nyingi mfiziotherapia akiondoka mwaka mzima, chumba chake hufungwa.

Mahali pa kufanyia mazoezi papo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mitengo; Mtwara tuna hospitali ya mkoa ya Ligula, Lindi kuna ya Sokoine, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao zimehudumia watu wa Kusini kwa miongo mingi. Chuo kikuu cha afya kama Muhimbili kingeweza kufundisha nadharia kwa intaneti, mazoezi yakafanyika Mitengo kwa awamu chini ya bingwa anayekuja, na kati ya awamu moja na nyingine picha za wanafunzi zikatumwa kwa msimamizi azipitie. Gharama kubwa ingekuwa muda wa wasimamizi na probu zilizonyooka, gharama ndogo ukilinganisha na rufaa tunazoandika kila wiki.

Najua wapo watakaosema kwamba mama na mtoto watangulie. Nakubaliana nao, na ndiyo sababu ninamtaja mtoto. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu anaweza kuwa na usaha ndani ya nyonga, na usaha huharibu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ndani ya siku chache. Ultrasaundi huonyesha maji yaliyojaa kwenye nyonga hiyo kwa dakika chache, bila mionzi na bila kumlaza usingizi. Haiwezi kusema kwa hakika kama maji hayo ni usaha, lakini humwonyesha daktari pa kupitisha sindano ili ayavute na kuyapima. Kwa mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) anayelia kwa maumivu ya mfupa, huweza kuonyesha majimaji yaliyokusanyika juu ya mfupa na kumtahadharisha daktari kuwa huenda kuna maambukizi. Kwa watoto wachanga, tangu daktari Reinhard Graf wa Austria alipoeleza mwaka 1980 namna ya kupima nyonga zao kwa ultrasaundi, nyonga isiyokaa vizuri inaweza kugunduliwa kabla mtoto hajaanza kutembea, wakati ambapo kuirekebisha bado ni rahisi.

Wapo pia watakaosema kazi hii ni ya mabingwa wa radiolojia, madaktari wanaosoma picha za mwili, peke yao. Nawaheshimu, na bila wao hakuna wa kutusimamia. Lakini ni wachache, na simwombi mfiziotherapia asome picha za mwili mzima. Namwombea ruhusa ya kujibu maswali machache anayokutana nayo kila siku: je, kano imechanika, je, kiungo kina maji, je, sindano imefika inapotakiwa. Kinachozidi hapo akipeleke kwa bingwa. Mwenye cheti ajue pia mipaka ya kifaa chenyewe: ultrasaundi haipenyi mfupa, na ligamenti za katikati ya goti haizionyeshi vya kutosha, hivyo goti lililoteguka vibaya bado litahitaji MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Kabla mtumishi yeyote hajalipa ada au kuomba ruhusa ya masomo, mabaraza ya taaluma zetu yatamke wazi kama mfiziotherapia au mtaalamu wa radiografia mwenye cheti hicho ataruhusiwa kuandika na kusaini ripoti ya ultrasaundi ya viungo, na Wizara ya Afya iseme kama ripoti hiyo italipwa na bima. Nawaomba viongozi wa afya wa mikoa yetu miwili wayapeleke maswali hayo kwa maandishi sasa, wakati halmashauri zinapoandaa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, ili fedha za probu na za wasimamizi ziwemo.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Masasi, Mtwara